Sikio Lililobaki Nje

Saa moja na nusu asubuhi, bendi inapoanza, mimi huwa nimeshakaa mezani. Dirisha la ofisi linatazama mwembe, uwanja uko upande wa pili, kwa hiyo watoto siwaoni. Nawasikia. Besi inalia, mguu wa kushoto wa shule nzima unatua, na kati ya ngoma ndogo nne ipo moja inayochelewa, nukta moja tu. Ni ya tatu kutoka kulia. Anaipiga mtoto wa Darasa la Tano ambaye anatazama mikono yake badala ya kusikiliza miguu ya wenzake. Ningekuwa nje ningemwambia maneno mawili: "Inua uso." Sipo nje. Mbele yangu kuna kishikwambi kinachosubiri idadi ya waliohudhuria jana, kuna fomu ya likizo ya mwalimu mmoja, na kuna barua ya kata inayotaka majibu kabla ya saa nne. Ni miaka kadhaa sasa tangu nipewe ukuu wa shule, na bado sijazoea kwamba bendi inapita bila mimi.

Nilifika Mpanda mwaka 2006 kwa treni ya Tabora, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja baadaye, 2012. Reli ile, kilometa 210 hivi kutoka Kaliua, haikujengwa kwa ajili ya walimu wapya wenye begi moja na godoro. Ilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa Mpanda. Machimbo yakafungwa, reli ikabaki, na kipande chake kimoja kikawa kengele ya shule yetu. Kinaning'inia kwenye mwembe mpaka leo. Ukikigonga kwa nondo kinasikika hadi sokoni. Ndicho chombo cha kwanza cha muziki nilichokikuta, na kwa miezi kadhaa kilikuwa ndicho pekee kilicho kizima.

Vingine vilikuwa stoo: besi moja iliyopasuka upande, ngoma ndogo mbili, na boksi la filimbi za plastiki zilizotafunwa midomo. Mwalimu Mkuu wa wakati ule, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alinikabidhi ufunguo siku ya tatu. "Mwalimu, wewe bado kijana. Chukua bendi." Ndivyo inavyokwenda katika shule nyingi. Bendi anapewa mgeni, kama anavyopewa zamu ya wiki ya mvua. Walimu waliosomea muziki hupikwa Butimba, kule Mwanza, na hawatoshi nchi nzima. Mimi nilikuwa mwalimu wa Hisabati na Kiswahili. Muziki wangu wote ulitoka kwenye kwaya ya kanisa, kwenye zile nota za sol-fa zinazoandikwa ubaoni kwa herufi, ambazo mtu anaweza kuzimudu hadi uzeeni bila kugusa piano hata siku moja.

Sikuona haya. Wimbo wa Taifa tunaoimba mstarini ulizaliwa mikononi mwa mwalimu wa namna hiyohiyo. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Johannesburg, na mwongozaji wa kwaya. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao baadaye ulikuja kuwa Mungu Ibariki Afrika, akauandika kwa sol-fa katika daftari lake pamoja na nyimbo nyingine za wanafunzi. Alifariki 1905, miaka thelathini na ushee tu. Afrika Kusini, Zambia na sisi tunasimama wima kila siku kwa ajili ya daftari la mwalimu.

Nilianza na ngozi. Wambo wa plastiki ulipaswa kuagizwa Dar es Salaam na hela haikuwepo, nikaenda buchani nikapata ngozi ya mbuzi. Mzee mmoja wa Kikonongo, jirani wa shule, alinionyesha namna ya kuilowanisha, kuikwangua manyoya kwa kigae cha chupa, kuivuta juu ya pete ya chuma ingali mbichi na kuianika kivulini kwanza. "Usiivute kwa hasira," aliniambia. "Ukiimaliza leo, kesho jua litaivuta na wewe hutakuwepo." Kuwamba ngoma ni kukadiria hali ya hewa ya kesho. Kiangazi cha huku kwetu, kuanzia Mei mpaka Oktoba, ngozi hukaza hadi besi ikatoa sauti ya kopo. Mvua za Novemba zikianza inalegea, na mtoto akiipiga utadhani anakung'uta godoro. Hapo ndipo magunzi yanapoingia kazini. Saa kumi na mbili na nusu mpigaji anawasha moto mdogo wa magunzi nyuma ya jiko la shule, anaizungusha ngoma juu ya joto, anaigonga kwa kidole, anatega sikio, anazungusha tena. Moto ukizidi, ngozi inaungua. Ukipungua, shule nzima itaingia darasani kwa mwendo wa msiba. Sijui kipindi kingine cha shule ya msingi kinachomdai mtoto wa miaka kumi na mbili usikivu wa namna ile.

Filimbi zilinitesa zaidi. Watoto huzishika mkono wa kulia juu, na ukiwaachia mwezi mmoja, kuwarekebisha ni kazi ya mwaka. Nota ya juu inapasuka wakipuliza kwa nguvu, nao hupuliza kwa nguvu kila wanapotazamwa. Nikagundua kwamba wimbo hutoka safi wakiwa wamenipa mgongo. Kwa hiyo tulifanya mazoezi wakitazama ukuta wa choo, jambo ambalo wenzangu walilicheka sana stafu.

Lakini siri ya bendi ya shule iko kwenye miguu. Baada ya Wimbo wa Taifa na matangazo, kiranja mkuu anapaza sauti, mistari inageuka kulia, na watoto zaidi ya elfu moja wanaingia madarasani kwa hatua. Mguu wa kushoto ukitua, besi ilie. Sasa mtoto wa awali ana hatua fupi kama ya bata, na mvulana wa Darasa la Saba tayari ana miguu ya baba yake. Besi ikienda kwa mwendo wa wakubwa, wadogo wanakimbia na kuanguka. Ikienda kwa mwendo wa wadogo, wakubwa wanakanyagana na kuanza utani. Uko mwendo mmoja kati ya hiyo miwili ambao wote wanauweza, na sikuukuta katika kitabu chochote. Kwa wiki tatu nilisimama mbele nikipunga mkono, nikijiona kamanda wa paredi ya Desemba 9, na mkia wa mstari ukaendelea kuvurugika. Wiki ya nne nilikwenda kusimama nyuma, pamoja na watoto wa awali, nikaacha kuitazama bendi. Nikaisikiliza kupitia miguu yao. Kosa lilikuwa dogo, mpigaji alikuwa anawahi kila anapoona Mwalimu Mkuu anatoka ofisini. Tangu siku hiyo mahali pangu pakawa mkiani. Wageni wakija walikuwa wanauliza, "Mwalimu wa bendi yuko wapi?"

Besi bora niliyowahi kuwa nayo ilipigwa na msichana ambaye ukoo wake ulitokea Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 wengi wa watu wale walipata vyeti vya uraia wa Tanzania. Mwaka huohuo UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Sidhani kama waliopanga mambo hayo mawili walijuana, ila kwetu Mpanda yalifika katika nyumba moja. Bibi yake yule binti alikuja shuleni, akakaa kwenye benchi la nje, akapokea shikamoo yangu, kisha akasema taratibu: "Mwalimu, kwetu ngoma hupigwa na wanaume." Sikuwa na jibu. Nikamuuliza ngoma za kwao zilichongwa kwa mti gani. Uso ukabadilika. Akanitajia umuvugangoma, mti unaozisemesha ngoma, akaeleza unavyokatwa na nani anaruhusiwa kuugusa. Kisha akanyoosha mkono kwenye besi yetu, akaigonga ubavuni kwa ukucha, akasikia bati. "Hii labda haihesabiki," akasema, akaondoka.

Aprili 2017 Mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa hapa Mpanda, uwanja wa Kashaulili. Mji ulijaa wageni hadi nyumba za kulala zikakosa nafasi, na watoto wa shule walikuwa na wiki nyingi za mazoezi ya halaiki miguuni. Mjukuu wa bibi yule alipiga besi barabarani siku zile, mabega yametulia, macho juu. Oktoba ya mwaka huohuo serikali ya Burundi ilitoa amri kwamba wanawake wasipige zile ngoma. Bibi hakuwahi kulizungumza hilo na mimi. Nilimwona kando ya barabara siku za mazoezi, amefunga khanga mbili, anahesabu kwa kidole.

Baada ya Mwenge ndipo jina langu lilipoanza kutajwa. Nilikuwa nikikaimu taaluma wakati huo, na kiongozi mmoja wa elimu alisema kikaoni kwamba aliyeweza kuwapanga watoto wale barabarani hawezi kushindwa na walimu kumi na wanane. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilikubali, na niseme ukweli kwamba posho ya madaraka ya Sh200,000 kwa mwezi ilinisaidia kuiona mantiki ya hoja ile. Barua ya uteuzi ilipotoka nilikabidhi ufunguo wa stoo kwa mwalimu mwingine, nikapokea mwingine wa kabati la chuma. Nilidhani nabadilisha ufunguo tu.

Ofisi ilikuwa imejaa. Tangu Januari 2016 shule ya msingi haina michango ya lazima, na watoto walioandikishwa walifurika kama viboko wa Katavi mwezi wa Oktoba maji yanapobaki dimbwi moja. Nasema wa mbugani, maana hao wengine wana nyaraka zao. Neema hiyo siitaki irudi nyuma. Nakumbuka vizuri wazazi waliokuwa wakinipitia jioni kuomba mtoto asirudishwe nyumbani kwa mchango wa Sh1,000. Ila hesabu ikaja mezani kwangu. Ruzuku ni Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake inabaki juu kwa vitabu, na kinachofika shuleni kinagombewa na chaki, mitihani, kitasa na choo. Ngozi ya ngoma haina kifungu. Zamani ningepitisha kofia kwa wazazi, buchani wakanipa punguzo, mambo yakaisha. Sasa ununuzi una mfumo wake, malipo yana mfumo wake, hata malengo yangu mimi binafsi yana mfumo wake unaoniuliza kila baada ya muda nimefikia asilimia ngapi. Mwenzangu mmoja wa Mlele hupenda kusema kwamba Mwalimu Mkuu wa siku hizi ni karani mwenye kengele.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa kwanza, na nililifanya kwa nia njema, ambayo ndiyo njia ya makosa mengi ya ofisini. Ufaulu wa Darasa la Saba ulikuwa umeshuka. Mazoezi ya bendi yalikuwa saa tisa alasiri. Nikaona saa ile inafaa kwa masomo ya ziada, nikasimamisha mazoezi, na kwa kuwa bendi isiyofanya mazoezi ni kelele, nikaamuru ngoma zirudi stoo "kwa muda". Hakuna aliyenipinga. Nani ampinge aliyekuwa mwalimu wa bendi juu ya bendi? Muhula mzima watoto waliingia madarasani kwa mlio wa reli, wakimiminika kama maji ya bomba lililopasuka, na mimi nikiwa ofisini naandika mpango mkakati.

Kati ya wapiga ngoma ndogo alikuwepo mvulana wa Darasa la Sita, mzito wa kusoma, mwepesi wa mikono. Siku moja mwalimu wake wa darasa alikuja na orodha ya watoro. Jina lake lilikuwemo: siku tisa. Tukauliza, tukaambiwa yuko machungani upande wa Nsimbo, analisha ng'ombe wa watu kwa ujira. Siwezi kudai ngoma ingemzuia. Mvua ilikuwa mbaya msimu ule, baba yake alikuwa na deni la pembejeo za tumbaku, na ng'ombe wa watu hulipa kuliko besi ya shule. Alirejea baada ya muda, akafanya mtihani wake, akaendelea na maisha yake. Mwisho wake haunisumbui sana. Zinanisumbua zile siku tisa. Nilipokuwa mwalimu wa bendi ningejua asubuhi ya kwanza, kabla jua halijapanda, kwa sababu pangekuwa na shimo katika mlio. Nisingehitaji orodha. Ofisini alikuwa sifuri ndogo ndani ya mraba, kati ya sifuri nyingine, na taarifa niliyotuma kata ilisema mahudhurio ni ya kuridhisha.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Bagamoyo, ADEM, ule Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu ambao wazee bado wanauita MANTEP. Tulisoma fedha, utumishi, sheria, namna ya kuendesha kikao. Mafunzo mazuri, siyadharau. Nilirudi nikijua kutofautisha karipio na onyo, jambo ambalo bendi haifundishi. Mkufunzi alituomba kila mmoja aandike amekuja na nini kutoka kazi yake ya awali. Mwenzangu wa kulia aliandika "nidhamu". Wa kushoto aliandika "uzoefu wa miaka 20". Mimi nikaandika "kusimama mkiani". Mkufunzi akaizungushia duara na kuweka alama ya kuuliza.

Jioni nilikuwa nikitembea ufukweni hadi TaSUBa, kile chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Mji ule mdogo unazo shule mbili, moja ya kuongoza na moja ya kupiga ngoma, na mwalimu wa serikali hutumwa kwenye moja tu. Nilikaa ukutani nikasikiliza vijana wakifanya mazoezi ya marimba. Hakuna aliyeniuliza natafuta nini.

Bagamoyo hiyohiyo, mapema mwaka 1871, Henry Morton Stanley alikaribishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu, kwenye misheni waliyoifungua miaka mitatu kabla, na baada ya chakula wakatolewa wanafunzi ishirini hivi wenye vyombo vya shaba, wakampigia muziki. Wengi wa watoto wa misheni ile walikuwa wamekombolewa utumwani. Katika kitabu chake Stanley anashangaa kwamba sauti zilipatana, tena anashangaa kwa maneno ya dharau ambayo siyarudii. Miezi michache baadaye, akikwepa vita vya Mirambo huko Unyanyembe, alizunguka kusini akapita Ukonongo, nchi ya yule mzee aliyenifundisha kuwamba, akielekea Ujiji. Nilisoma ukurasa ule nikiwa kitandani hostelini na nikakosa usingizi. Niliwafikiria wale watoto ishirini. Nani alikuwa anawahi akimwona mgeni? Nani alikuwa mzito wa kusoma?

Maana kinachoniudhi ni hiki: tangu siku ile hadi leo, bendi ya shule hukumbukwa mgeni akija. Wajerumani nao walikuwa na bendi ya wanafunzi katika shule yao ya serikali Tanga. Na mimi nimepokea simu nyingi za jioni zisemazo, "Mwalimu, kesho kuna ugeni, andaa bendi." Sijapokea hata moja inayouliza bendi inafanya nini Jumanne isiyo na mgeni. Mgeni rasmi huona sare, glavu nyeupe, fimbo inayorushwa juu na kudakwa. Anaona. Kisha anatoa Sh50,000 za soda na kuondoka akiwa ameridhika na macho yake.

Waswahili wa pwani walilielewa jambo hilo mapema kuliko idara za elimu. Walizisikia bendi za misheni na za manowari, wakazichukua, wakazifanya beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hiyo, kikatoka 1975. Kulikuwa na Marini na Arinoti, vyama viwili vya ushindani, vilivyosambaa hadi bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Walijipa vyeo vya kizungu, kingi, jenerali, kapteni, na watawala hawakujua kama wacheke au waogope. Nyuma ya matarumbeta na maringo kulikuwa na michango, mazishi, kupokea wageni wa mjini, kumtafutia kazi aliyefika jana. Jenerali wa beni alipimwa kwa kujua nani hayupo leo na kwa nini. Hakika walipenda sifa, na mashindano yao yaliweza kufika kwenye matusi na ngumi. Sitaki kuwafanya malaika. Ila ukiniuliza ni wapi bendi ilizaa uongozi katika nchi hizi, ningekuonyesha uwanja wa beni kabla ya jukwaa la halaiki.

Niliporudi Mpanda nilifungua stoo. Panya walikuwa wamekula wambo mmoja mpaka kwenye pete. Nikamwita mwalimu mpya, binti aliyetoka chuo mwaka ule, nikamkabidhi ufunguo. Niligundua baada ya kusema kwamba nilikuwa nimetumia maneno yaleyale ya yule mama. Akauliza, "Mkuu, nifuate utaratibu wako?" Nikajibu ndiyo, halafu nikajirekebisha, nikamwambia kwanza asikilize wiki moja.

Hakufuata utaratibu wangu. Ameongeza kayamba. Ameruhusu watoto wa Kisukuma, ambao wazazi wao walikuja huku na mifugo yao, waingize mapigo ya kwao katikati ya machi, kwa hiyo siku za Ijumaa shule inaingia darasani ikiyumba kidogo mabegani. Mara moja nilisikia kitu kinachofanana sana na singeli. Nilishika ukingo wa meza. Wakati niliokuwa nao mwenyewe wa kuvunja utaratibu ulikuwa umenitosha, na nilijua nikitoka nje mara moja tu, watoto wataanza kunitazama mimi, na besi itawahi. Hilo ndilo gumu kuliko fomu zote. Mwalimu wa bendi akikosea anarekebisha palepale, mkono unashuka, wanaanza upya. Mwalimu Mkuu akiinuka kila anaposikia kosa anawaibia wenzake masikio.

Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo kuanzia Darasa la Tatu. Nimefurahi, ingawa furaha yangu ina breki. Somo likipimwa kwa kalamu tutapata watoto wanaoweza kutaja sehemu tano za filimbi. Alipofika mthibiti ubora muhula uliopita, aliomba azimio la kazi na andalio la somo, akavikuta, akaridhika. Nikamwomba abaki mpaka kesho asubuhi, aje asimame na mimi mwisho wa mstari, pale kwa watoto wa awali. Alikuwa na shule nyingine mbili za kufika. Naelewa, na mimi nina kishikwambi.

Leo ni wiki ya tatu ya Novemba. Usiku kucha imenyesha, na hata kabla sijafika getini nilisikia besi ikijaribiwa, ikisema godoro. Yule binti yupo likizo ya uzazi, mwalimu wa zamu ni mgeni. Saa moja kasoro kumi mlango wa ofisi ukagongwa. Alikuwa mtoto wa ngoma ya tatu, yule anayetazama mikono yake, amelowa mabega.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Magunzi yapo, Mwalimu. Kiberiti kimelowa."

Nikafungua droo. Nikampa kiberiti changu cha taa, akakipokea kwa mikono miwili, akakitia chini ya sweta. Miguu yangu ilikuwa tayari imeshaanza kuinuka. Nikairudisha chini ya meza. Baada ya muda moshi mwembamba ukapita dirishani, upande wa mwembe. Kisha kidole kwenye ngozi. Kimya. Kidole tena, juu kidogo.